Umbali wa Mkono Mmoja

Novemba 2017, siku chache kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, gavana wa Wisconsin, Scott Walker, alitia saini sheria iliyofuta umri wa chini wa mtoto kuwinda kwa bunduki. Hadi hapo mpaka ulikuwa miaka 10. Msimu ulipokwisha waandishi wa habari wakaomba hesabu. Leseni zaidi ya 1,800 zilikuwa zimekatwa kwa majina ya watoto wa miaka 9 kushuka chini, na kumi kati ya watoto hao hawakuwa wametimiza hata mwaka mmoja.

Hakuna aliyedhani kwamba vichanga hao walikwenda kulenga shabaha. Leseni ya mtoto asiyeweza kukaa bila kushikwa ni ya kutundika ukutani. Lakini habari ilisambaa, wanaopinga bunduki wakashika vichwa, wawindaji wakakasirika kuona wanachekwa na watu wa mijini, na katika kelele hizo kipengele chenye uzito kuliko vyote kikapita bila kusomwa vizuri. Sheria inadai kwamba mtoto anayewinda chini ya uangalizi awe na mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, na mtu mzima huyo asikae mbali kuliko mkono wake unavyoweza kufika. Umri umefutwa, urefu wa mkono umebaki. Serikali ilijitoa katika kazi ya kupima kama mtoto fulani yuko tayari, ikamwachia mzazi.

Mzazi wa Nakuru akisoma hayo atauliza kwanza kilichompeleka mtoto porini na bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania unaruhusiwa kwa leseni, ila kwa sehemu kubwa ni biashara ya wageni wenye fedha. Huko Wisconsin, kwa familia nyingi za vijijini, kuwinda ni jambo la nyumbani kama kuvua samaki kulivyo kwa watu wa Kilwa: baba alifundishwa na babu, nyama inaingia kwenye friza, na mtoto anauliza tangu ana miaka minne zamu yake itafika lini.

Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe. Si yule wa vichaka vya Usambara au Mlima Kenya, ambaye kwa ukoo ni ndugu wa tandala na pembe zake hubaki naye maisha yake yote. Huyu wa Marekani, dume wake huotesha pembe zenye matawi kila kiangazi na kuzidondosha kila majira ya baridi, kisha huanza upya. Afrika nzima ina mnyama mmoja tu wa asili wa jamaa hiyo, naye yuko kaskazini kabisa, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Dume mkubwa wa Wisconsin anaweza kuvuka kilo 100. Akishtuka huinua mkia wake juu kama bendera nyeupe, na mara nyingi hicho ndicho kitu pekee ambacho mwindaji mchanga atakiona siku nzima.

Wanyama hawa nusura waishe. Kufikia mwaka 1900 walibaki laki chache tu nchi nzima, baada ya miaka mingi ya watu kuwaua na kupeleka nyama na ngozi sokoni. Sheria za kuzuia biashara hiyo, misimu mifupi na idadi maalumu kwa kila mwindaji viliwarudisha. Leo wanakadiriwa kufika takriban milioni 30, kiasi kwamba katika majimbo mengi tatizo limegeuka. Mbwa mwitu wakubwa waliokuwa wakiwala wamebaki sehemu chache, kulungu wanakula miche ya msitu na mazao ya wakulima, na magari yanawagonga usiku na mchana. Ajali hizo huua watu wapatao 200 kila mwaka Marekani. Mtu anaweza kuchukia uwindaji kwa sababu zake, lakini hoja kwamba mnyama huyu anamalizwa na wawindaji haisimami tena.

Msimu wa bunduki Wisconsin ni wa siku tisa, unaoanza Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani. Zaidi ya watu nusu milioni hukata leseni. Viwanda hukosa wafanyakazi, vibanda vya mbao vya msituni hujaa wajomba na binamu, na maduka ya vijijini huuza kahawa saa kumi alfajiri. Jirani zao wa Michigan hufungua msimu tarehe 15 Novemba bila kujali siku ya wiki, na shule nyingi za huko hufungwa siku hiyo. Familia za Wakongo waliohamia Grand Rapids, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani, hukutana na desturi hii ghafla: wenzao kazini wameomba likizo kwa pamoja, na Jumatatu wanarudi na soseji za nyama ya mwitu.

Kwa nini basi haraka ya kuwaingiza watoto? Jibu la mapenzi ya mzazi kwa mwanawe ni la kweli, ila lina jingine nyuma yake, nalo ni fedha. Tangu 1937 kuna sheria ya shirikisho, inayojulikana kwa majina ya wabunge Pittman na Robertson, inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi. Fedha hizo hurudishwa kwenye majimbo kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori, na baadaye zikaruhusiwa kulipia mafunzo ya wawindaji. Ongeza ada za leseni, na utaona kwamba idara ya wanyamapori ya jimbo huishi kwa mfuko wa mwindaji. Mwaka 1991 Marekani ilihesabu wawindaji milioni 14.1. Mwaka 2016 wakawa milioni 11.5. Wazee wanaacha kwa sababu ya magoti na mioyo, vijana wamehamia mijini. Mwaka 2004 vyama vya wawindaji na wafanyabiashara wa silaha vikaanzisha kampeni ya Families Afield ya kuyashawishi mabunge ya majimbo kulegeza masharti kwa watoto, na jimbo baada ya jimbo likakubali. Mtoto wa miaka 8 anayekaa baridini na baba yake ni mtoto anayefurahi, na pia ni mlipa ada wa miaka 60 ijayo. Hakuna ubaya kusema yote mawili.

Kazi yenyewe huanza nyumbani, miezi kabla. Mafunzo ya Wisconsin yana kanuni nne ambazo mtoto huzikariri kama sura fupi za madrasa. Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi. Mtutu uelekee daima upande usioweza kudhuru mtu. Hakikisha unajua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kwa mtoto, kwa sababu macho yake yamemezwa na mnyama. Mwalimu mzuri humwonyesha picha ya dume mkubwa amesimama juu ya kilima, mbingu tupu nyuma yake, kisha humuuliza kama apige. Mtoto hujibu ndiyo. Jibu ni hapana: risasi ikimkosa au ikimpenya itaendelea ng'ambo ya kilima, na ng'ambo ya kilima pana shamba la mtu.

Baada ya picha huja bunduki tupu sebuleni, kisha bunduki ndogo na makopo, kisha ile ya kulungu yenyewe. Wazazi wengi huchagua bunduki ya .243, yenye nguvu ya kutosha kwa kulungu lakini isiyopiga bega kwa kishindo, tena yenye kitako kilichofupishwa. Mlio wake hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu sikio kwa mara moja, hivyo vifuniko vya masikio si mapambo. Mtoto aliyeumizwa bega au kushtuliwa na mlio wa kwanza hufumba macho kabla ya kila mlio unaofuata, na tabia hiyo haitoki kirahisi.

Alfajiri ya siku yenyewe ina giza na baridi chini ya sifuri. Kila mmoja amevaa rangi ya chungwa inayowaka. Wisconsin iliifanya lazima mwaka 1980, na mwaka 2016 ikaruhusu pia waridi kali, jambo lililowachekesha baadhi ya wanawake waliokuwa wakivaa chungwa miaka yote bila kulalamika. Kulungu haoni tofauti kati ya chungwa na majani, lakini mwindaji mwingine anaiona toka mbali. Rangi hiyo na mafunzo ya lazima kwa kila aliyezaliwa tangu 1973 vimebadilisha msimu huu. Miaka ya 1960 majeruhi wa risasi msituni walikuwa wengi kiasi cha kuogofya, na leo mtu ana hatari zaidi ya kuanguka kutoka kwenye dungu.

Dungu ndiyo ofisi ya siku. Limefungwa juu ya mti au limejengwa kwa mbao kama lile la kulindia mpunga, na mzazi mwenye akili humchagulia mtoto lile la chini, lenye kuta, au humketisha kwenye hema dogo ardhini. Lile la juu ya mti linadai mkanda wa kufungwa mwilini tangu mguu wa kwanza unapoiacha ardhi. Bunduki haipandi na mtu. Huvutwa kwa kamba baadaye, ikiwa tupu. Upepo unapimwa kwa unga kidogo unaopeperushwa hewani, kwa kuwa kulungu akipata harufu ya binadamu hakuna kitakachomleta.

Kisha ni kukaa. Wanaouza vifaa huonyesha mtoto akicheka na pembe mikononi, ila saa nyingi za siku hii ni za mtoto anayetaka kukojoa, aliyemaliza biskuti zake, anayeuliza kwa mnong'ono mkubwa kuliko sauti kama watarudi sasa. Mikono inawekwa kwenye vipakiti vya joto. Anahesabu kindi. Wazazi waliozoea hukaa saa mbili, wakashuka kunywa chokoleti ya moto, wakarudi jioni. Wale wanaomlazimisha mtoto amalize siku nzima kwa sababu wao wenyewe walilazimishwa, mara nyingi mwaka unaofuata huwinda peke yao.

Na akitokea? Mtoto husikia moyo wake masikioni. Mikono hutetemeka, pumzi inakatika, na hali hiyo huwapata hata watu wazima wenye miaka 30 ya kuwinda. Mzazi sasa ana kazi ya kusema kwa sauti ya chini mambo machache sana. Subiri ageuke ubavu. Tazama nyuma ya bega la mbele, theluthi moja ya kimo kutoka chini, hapo ndipo moyo na mapafu yalipo. Akiwa anakuangalia uso kwa uso, subiri. Akikimbia, mwache. Akijificha nusu nyuma ya mti, mwache. Bunduki imelazwa kwenye mhimili wa miguu mitatu, na mkono wa mzazi uko palepale sheria ilipouweka.

Hapa ndipo pa kumpima mzazi. Risasi iliyopigwa vibaya haitamuua mnyama papo hapo. Itamvunja taya au kumpasua tumbo, na atakufa baada ya saa nyingi mahali pasipojulikana. Mtoto hana uwezo wa kulibeba hilo peke yake, wala hapaswi. Baba anayetamani picha ya mwanawe na dume mkubwa ana kila sababu ya kusema "piga". Ustadi wake wote uko katika kusema "tuache", huku mnyama akiondoka na mtoto akilia kwa hasira. Mpaka wa miaka 10 uliofutwa haukuwa mtakatifu, maana wapo wa miaka 8 watulivu na wa miaka 14 wasiofaa kushika hata manati. Hata hivyo ulikuwa na faida ambayo wabunge hawakuitaja: ulimpa mzazi dhaifu kisingizio cha kukataa.

Wengine wameamua tofauti. New York ilisubiri hadi 2021 ndipo ikaruhusu watoto wa miaka 12 na 13 kuwinda kulungu kwa bunduki, tena kwa wilaya zilizopitisha sheria yao zenyewe. Ujerumani leseni ya vijana huanza miaka 16, baada ya mtihani mzito. Na karibu na Ziwa Eyasi, mvulana wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa bado hajamaliza kujifunza kusema vizuri, akaachwa kuvizia ndege na panya pamoja na wenzake. Upinde wa mtoto wa miaka mitatu hauwezi kumuua jirani ng'ambo ya kilima, na anao mwongo mzima wa kukosea kabla ya kufuatana na watu wazima kwa nyani. Bunduki haitoi muda huo. Siku ya kwanza ina nguvu ileile itakayokuwa nayo siku ya mwisho.

Ikiwa risasi imekwenda vizuri, mwindaji hakimbilii. Hukaa nusu saa bila kushuka, kwa sababu mnyama anayefukuzwa hukimbia mbali, na anayeachwa hulala karibu. Halafu kinaanza kipande ambacho watoto wengi hukipenda kuliko vyote, kusoma damu. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Damu nyeusi ni ya ini. Ikichanganyika na uchafu wa kijani, tumbo limeguswa, na watu wazima hurudi kunywa chai kwa saa kadhaa kabla ya kuendelea. Mtoto yu karibu na ardhi na macho yake ni mapya. Huona tone kwenye jani ambalo baba yake amelipita.

Kupasua hakufichwi. Mnyama analazwa chali, ngozi ya tumbo inachanwa kwa makali yaliyoelekezwa juu ili kisu kisitoboe utumbo, kiwambo kinakatwa, koromeo linavutwa, na vyote vinatoka pamoja vikifuka mvuke. Mtoto hupewa kazi ya kushika mguu. Wapo wanaotapika, wapo wanaouliza figo ni lipi, wapo wanaolia na kuomba radhi kwa kulungu kisha nusu saa baadaye wanauliza nyama itaiva lini. Mzazi anayemwambia mtoto aache kulia kwa kuwa wawindaji hawalii anaharibu kitu ambacho hakijaharibika.

Aldo Leopold, aliyezaliwa Iowa mwaka 1887 na mwaka 1933 akawa profesa wa kwanza wa usimamizi wa wanyama wa kuwindwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alisimulia malezi ya namna hii katika kitabu chake A Sand County Almanac, kilichochapishwa 1949 baada ya kifo chake. Baba yake alimpa bunduki ya mtutu mmoja na ruhusa ya kuwinda kwale wa msituni, kwa sharti kwamba asiwapige wakiwa wametua mtini, bali wakiruka tu. Mbwa wake alikuwa hodari wa kuwapandisha kwale mtini, mahali ambapo kuwapiga ni rahisi. Kijana aliwaacha, mmoja baada ya mwingine, na alipompata wa kwanza akiruka hakukisahau kichaka kile hadi uzeeni. Baba huyo hakuwa amesimama umbali wa mkono mmoja. Katazo lilitosha. Ila lilikuwa limewekwa na mtu aliyelishika yeye mwenyewe.

Kulungu jike mmoja hutoa nyama ya kuitosha familia kwa wiki nyingi, na hapo linakuja jambo la afya lisilozungumzwa vya kutosha. Risasi nyingi zina kiini cha madini ya risasi, nacho hupasuka vipande vidogo kuliko punje ya chumvi vinavyotapakaa mbali na jeraha. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliziambia ghala za misaada zitupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa na wawindaji. Uchunguzi wa damu za watu zaidi ya 700 wa jimbo hilo ulionyesha kwamba wala nyama ya mwitu walikuwa na madini hayo kidogo zaidi kuliko wengine, ingawa hakuna aliyefika kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari wakati huo. Ushauri ukatolewa kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasile nyama iliyopigwa kwa risasi za aina hiyo. Zipo za shaba, ghali kidogo, zisizosambaratika. Anayempeleka mtoto wa miaka 5 msituni kisha akamlisha nyama ya risasi ya kawaida amejali picha kuliko sahani.

Jambo la pili la afya ni ugonjwa wa kudhoofu wa kulungu. Ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, ukagunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na protini iliyojikunja vibaya, ambayo kuipika hakuiharibu. Hakuna binadamu anayejulikana kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe. Kwa hiyo kichwa hukatwa pamoja na sentimita kumi hivi za shingo, pembe zikatolewa, kikatiwa kwenye mfuko na kuachwa katika kasha la chuma kando ya barabara, pamoja na fomu yenye namba ya leseni ya aliyeua. Kama aliyeua ana miaka 9, namba ni ya kwake. Mnyama lazima aandikishwe kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata, kwa simu au intaneti, na watoto hupenda kubonyeza wenyewe. Majibu ya maabara huchukua karibu wiki mbili. Muda wote huo nyama hukaa kwenye friza ikiwa imeandikwa jina la mtoto, naye huulizia kila akitoka shule. Yakija mabaya, nyama yote hupelekwa jalalani pamoja na mifupa.